Unga Chini ya Kitanda cha Mninga

Wadogo zangu, wiki hii nilipanga tuzungumze michango ya harusi na namna inavyotutoa roho, lakini ujumbe mmoja umeniharibia ratiba. Nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikanyamaza, mara ya tatu nikachukua tochi ya simu nikaenda kuchungulia uvunguni mwa kitanda changu mwenyewe.

Aliyeandika ni mdogo wetu wa Morogoro, kaolewa mwaka jana. Anasema yeye na mumewe walijinyima miezi saba, wakaagiza kitanda cha mninga cha sita kwa sita. Mume alikuwa safarini, kwa hiyo yeye ndiye aliyekwenda kwa fundi, akachagua, akalipa. Kitanda kilipoletwa kilikuwa chekundu, kinang'aa mpaka unajiona uso. Miezi minane baadaye, kila akifagia anakuta unga mweupe chini ya ubavu mmoja wa kitanda, laini kama poda ya mtoto. Akiangalia juu anaona vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa pini. Mume naye kasema lile neno ambalo waume hulisema siku kama hizo: ndiyo maana nilitaka twende wote. Sasa mdogo wangu analia, anataka kwenda polisi. Halafu mwishoni kabisa, kama mgeni anayekumbuka jambo akiwa tayari kavaa viatu, akaongeza swali la pili: mama mkwe anataka kuwapa meza kuukuu iliyokuwa jikoni kwake, nzito, nyeusi ya masizi, na yeye hajui aikatae vipi asionekane ana maringo.

La meza tuliweke pembeni, nitalirudia.

Polisi usiende kwanza. Njoo ukae hapa mkekani, maana hilo la unga lina mambo. Unga peke yake hauthibitishi kwamba kitanda chako si cha mninga. Tena huenda ndio unaothibitisha kwamba ni mninga kweli. Usinirushie ndara, nisikilize.

Gogo la mninga lina sehemu mbili. Katikati kuna kiini, chenye rangi ya kahawia ya dhahabu au kahawia inayoelekea wekundu, na michirizi iliyokolea inayopita humo kama moshi. Nje yake, chini ya gome, kuna ukingo mweupe unaoelekea umanjano. Mpaka wa sehemu hizi mbili huonekana wazi, kama mji wa kanga na pindo lake. Sasa zile sifa zote unazosikia watu wakizisema, kwamba mninga hauliwi na mchwa, kwamba utarithiwa na wajukuu, ni sifa za mji. Pindo halimo. Pindo lina wanga, na penye wanga kuna wenyewe.

Dumuzi wa mahindi tunamjua sote, yule aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kusumbua wakulima kule Tabora mpaka wakambandika jina la Scania. Mdudu anayekutolea unga kitandani ni wa ukoo wake. Jike hutaga mayai ndani ya vijishimo vya asili vya mbao, vile ambavyo macho yetu huviona kama vistari vyembamba. Watoto wake hula wanga humohumo ndani, miezi inapita, wewe umelala juu yao huna habari. Vile vitundu unavyoviona ni milango ya kutokea. Yaani ukiona tundu, ujue aliyelitoboa ameshakula, ameshakua na ameshaaga. Miezi minane yako, mdogo wangu, inalingana kabisa na hesabu hiyo: mayai yalikuwemo ubaoni tangu karakana au tangu kwa muuza mbao, kabla hata hujapata ufunguo wa nyumba.

Basi fanya hivi. Siku ya jua, mwite mumeo mkipindue hicho kitanda. Sehemu isiyoonekana, chini ya mfumbati, kwangua kidogo kwa wembe mpaka rangi ya fundi itoke. Kama vitundu vipo kwenye ukanda mweupe tu, na hatua mbili pembeni ukikwangua unakuta kahawia yenye michirizi isiyo na tundu hata moja, hicho ni kitanda cha mninga alichokiunga fundi mwenye tamaa. Amechukua mbao zenye pindo, akaziacha hivyohivyo ili asipunguze upana, akapaka rangi nyekundu juu ili usione. Kosa lipo na utamdai, lakini si la kuuziwa mti mwingine. Ukikwangua pote ukakuta weupe mtupu, hapo ndipo tutakapozungumza lugha nyingine.

Na kama si unga bali ni chenga ngumu kama mchanga mwembamba, au ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani kuelekea kitandani, huyo ni mchwa. Mwite mtu wa dawa aangalie nyumba nzima, maana hapo kitanda ndicho kidogo.

Tiba ya unga si ngumu. Fundi aukate na kuubadilisha ule ubao wenye pindo, hiyo ndiyo dawa ya kweli. Kama ni kipande kidogo, apake dawa ya wadudu wa mbao na kuisukuma ndani ya vitundu, nje ya nyumba, kitanda kikae huko mpaka kikauke na harufu iishe. Nimewahi kusikia mtu anapulizia kitanda dawa ya mbu usiku na kulala juu yake. Hapana jamani. Halafu mwambie apige vanishi na upande wa chini. Mafundi wengi hupaka panapoonekana tu, huku mdudu huyu hutafuta ubao ulio wazi ili aingize mayai. Ubao uliozibwa vizuri humpita.

Sasa nimwambie mume. Shemeji, ungekwenda nawe ungetapeliwa vilevile. Najua kwa sababu mimi nilikwenda na mwanamume, tena mwenye sauti nzito.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma na mimi nikafuata kazi, nilibeba kabati la nguo nililotengenezewa Dar es Salaam. Milango mitatu, refu mpaka dari, fundi akaniapia kuwa ni mninga mtupu. Rangi yake ilikuwa kama nyanya iliyoiva, na mimi kwa ushamba wangu nikaona ndiyo ubora wenyewe. Dar es Salaam lilikaa vizuri. Dodoma, mwezi wa nane, upepo mkavu unapasua midomo, usiku nikasikia mlio, pa! Nikajua mwizi. Nikakaa kimya na mwiko mkononi. Asubuhi nikakuta ubao wa ubavu umepasuka kutoka juu hadi chini, na milango imeachana kiasi cha kupitisha kidole. Jirani yangu, seremala mstaafu, mzee wa watu asiyependa maneno mengi, akakwangua kwa kisu, akanusa, akasema: mkaratusi, tena ulipasuliwa mbichi. Akaondoka zake kunywa chai.

Mkaratusi si mti mbaya, una kazi zake na nguzo nyingi za umeme ni zao hilo. Lakini ubao wake ukiwa mbichi una hasira. Unasinyaa sana, unajipinda, unapasuka. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee walikuwa wanalitaja jina la mninga kwa heshima. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya wekundu. Kumbe ni kwa ajili ya utulivu. Ubao wa mninga wenye upana wa inchi 12, ukitoka kwenye ubichi mpaka ukavu wa kutengenezea samani, unapungua milimita chache tu, tatu mpaka tano hivi. Baada ya hapo ukiupeleka kwenye unyevu wa Tanga au ukavu wa Dodoma unasogea kidogo sana. Mlango wake haukwami masika, droo haichezi kiangazi. Kwa nchi ambayo watu wake huhamishwa kikazi kutoka pwani hadi bara na samani juu ya lori, hiyo ni sifa ya kulipia.

Uzito wake nao ni wa kiasi. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo 600 na kitu. Paini inayotoka Mafinga huwa kati ya 400 na 500, na mpingo hupita 1,200, ukiutupa majini unazama. Mninga uko katikati: ukinyanyua kiti chake unahisi umeshika kitu, lakini huhitaji vijana wanne kuhamisha meza. Unakubali randa, unashika gundi na skrubu vizuri, na vanishi hukaa juu yake kama mafuta kwenye ngozi iliyooga. Tatizo ni kwamba wakati mwingine nyuzi zake hupishana, kwa hiyo randa butu huzing'oa na kuacha vinyweleo. Ukipitisha kiganja ukahisi kukwaruza, fundi alikuwa na haraka. Mrudishie apige msasa tena. Usione haya, hela ni yako.

Jambo moja kwa wenye watoto wadogo na kwa wenye pumu: vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Usimpeleke mtoto kukaa karakanani wakati mbao zinapigwa msasa, na ukimkuta fundi wako anafanya kazi bila kuziba pua, mnunulie barakoa. Ni hela ndogo, na atakukumbuka kwa wema siku ya kukabidhi kazi.

Sasa mtaniuliza, Dada, basi tuujue vipi? Nitawaambia, lakini kwanza lazima muujue mti wenyewe, maana anayeujua mti hadanganywi kirahisi na ubao.

Mninga ni mti wa miombo. Uko Tabora, Katavi, Rukwa, Kigoma, Mbeya, unashuka Ruvuma mpaka Lindi. Ukivuka mipaka unaukuta kwa majina mengine: Msumbiji wanauita umbila, Zambia na Zimbabwe mukwa, Afrika Kusini kiaat. Wataalamu wanauita Pterocarpus angolensis, na ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa maharage yako ya jikoni. Kiangazi hupukutisha majani yote. Karibu na mvua hutoa maua ya manjano na nyuki hukimbilia huko. Asali ya Tabora mnayoisifia imepitia miti kama hii. Tunda lake ni la ajabu: duara bapa kama chapati ndogo, na katikati kana kwamba kalunguyeye kajikunja, miiba mitupu. Mbegu imo humo ndani ya miiba, moja au mbili, na haioti kirahisi.

Ikiota, ndipo shida inapoanza. Mche hutoa kijiti, kiangazi au moto wa msitu unakiua, mvua ikija kijiti kingine kinatoka palepale. Mwaka unaofuata vilevile. Unaweza kuendelea hivyo miaka na miaka, juu hauendi, lakini chini mzizi unanenepa. Siku mzizi ukiwa na akiba ya kutosha ndipo mti husimama na kuanza kupanda kweli. Kutoka hapo mpaka ufikie unene wa kupasua mbao nzuri, hesabu miaka 80, 100, au zaidi. Maana yake kitanda chako, kama ni mninga, kilianza kuota wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza na bibi yako hajazaliwa. Ndiyo maana hutaona mashamba makubwa ya mninga kama unavyoona paini pale Sao Hill au mitiki kule Longuza na Mtibwa. Nani atapanda asubiri karne?

Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu, mzito, kama damu. Mara ya kwanza kuuona nilishtuka, nikadhani mkataji kajikata mguu. Utomvu huo watu wameutumia tangu zamani kama rangi na kama dawa, na kwa sababu unafanana na damu, basi ukapewa kazi zote za damu. Ninaletewa maswali ya magome ya mninga kwa mama aliyepungukiwa damu baada ya kujifungua. Wadogo zangu, huyo apelekwe kituo cha afya, leo, apimwe. Mti tuuachie samani.

Kutokana na damu hiyo watu wakaamini kwamba mninga lazima uwe mwekundu. Hapo ndipo mafundi wajanja wanapotushika. Kiini cha mninga kikiwa kikavu ni kahawia. Kahawia yenye dhahabu, kahawia yenye wekundu wa mbali, kahawia yenye michirizi. Mbao mbili za gogo moja zinaweza kutofautiana rangi, na seremala mzuri hukaa akizipanga zioane kama mshonaji anavyooanisha maua ya kitenge kwenye mshono. Ukimwambia fundi unataka kitanda chekundu pote, rangi moja, umemwambia kwa mdomo wako mwenyewe apake rangi. Na chini ya rangi anaweza kuweka chochote: mkaratusi, mwembe, hata paini. Kwa hiyo kosa la kwanza kwenye kabati langu la Dodoma lilikuwa langu.

Ununuzi wa akili uko hivi. Mwambie fundi hutaki kuona kitanda kilichokamilika, unataka kuona mifupa. Siku mbao zinaletwa, uende. Ziko ghafi, hazijapakwa sila wala vanishi, hapo zote ziko uchi na hazina pa kuficha. Angalia kichwani mwa ubao, pale msumeno ulipokata: rangi iwe imepenya mpaka ndani. Angalia kingo zote mbili, pindo jeupe liko wapi, na mwambie likatwe. Atakuambia utapoteza upana. Mwambie sawa, poteza. Tazama kama kuna nyufa kwenye ncha. Gonga ubao kwa kidole, mkavu hulia, mbichi hunyamaza. Bora zaidi muulize mbao zimekaa kivulini muda gani. Mninga hukauka taratibu lakini hukauka vizuri, bila kujinyonganyonga, na ubao wa inchi moja unahitaji miezi, si wiki. Fundi anayepasua gogo Jumatatu na kukukabidhi kitanda Jumamosi amekuuzia maji.

Malipo yafuate kazi. Toa ya mbao, ukiziona. Toa nyingine mifupa ikisimama, uone matendegu na mifumbati imeungwa kwa ulimi na tundu, si kwa misumari na gundi ya kubahatisha. Ya mwisho itoke baada ya vanishi. Na muandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari, sehemu kwa sehemu: kichwa mninga, mifumbati mninga, matendegu mninga, chaga paini. Ndiyo, chaga zikiwa paini hakuna ubaya. Chaga hazionekani, na kulipa bei ya mninga kwa kitu kinachokaa chini ya godoro ni ufahari wa kujificha. Mradi ijulikane, na bei ishuke.

Mkiamua kununua mbao wenyewe, kwa sababu wengine mnajenga na mnataka milango na fremu, dai risiti na uulize karatasi za mzigo. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu ya asili huvunwa kwa leseni na husafiri na hati yake, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hugonga nyundo kwenye magogo na mbao zilizolipiwa. Ukiuziwa kwa bei ya kuonea huruma, usiku, bila karatasi, ukikamatwa nayo njiani mzigo unachukuliwa na muuzaji hatapokea simu. Kuna mbao za haki zinazopatikana. Kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu wanayoisimamia wenyewe, wakisaidiwa na shirika la MCDI, cha kwanza cha aina yake Afrika kwa misitu ya asili ya wanakijiji. Wao sifa yao kubwa ni mpingo, lakini nimelitaja jambo hili ili mjue kwamba mti ukivunwa kwa utaratibu, hela inaweza kujenga darasa la kijiji badala ya kuishia mfukoni mwa dalali.

Na ninyi wa ughaibuni mnaoniandikia mkitaka kusafirishiwa mbao za mninga mjengee nyumba huko, sikilizeni. Mwezi wa Novemba 2022, mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka miti yote ya ukoo wa Pterocarpus ya Afrika kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa, pamoja na ukoo wa mkongo. Chanzo si vitanda vyetu. Mkurungu, ndugu wa karibu wa mninga, ule ambao Zambia na Katanga wanauita mukula, ulivunwa kwa fujo kwenda China kwa samani nyekundu za kifahari, na ukoo mzima ukaangaliwa. Kwa hiyo gogo au ubao wa mninga hauvuki mpaka wa nchi bila kibali. Ulizeni TFS kabla ya kulipa nauli ya kontena.

Sasa baada ya maneno yote haya mtasema Dada anataka nyumba nzima iwe ya mninga. Wala. Nikiwa na hela ya vitu vitatu tu, nitaweka mninga kwenye mlango wa nje, kitanda na meza ya kulia. Mlango kwa sababu unapigwa jua na mvua na haupaswi kuvimba. Kitanda kwa sababu unakaa nacho theluthi ya maisha. Meza kwa sababu watoto watachora juu yake, utapiga msasa, watachora tena. Kabati la jikoni, rafu za vitabu, meza ya televisheni, hizo fanya kwa mtiki wa shamba au paini iliyokauka, hazina haja ya mti wa miaka mia. Wapo watakaonibishia, hasa wale wanaopenda sebule ifanane rangi moja kama sare ya shule. Mimi siko nao.

Na kabla ya kuagiza kipya, tafuta cha zamani. Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Watu wanaohama, wazee wanaohamia kwa watoto, ofisi zinazobadilisha samani, wanauza mninga wa miaka 40 au 50 kwa bei ya kuondoa takataka, kwa sababu umechakaa rangi na una alama za vikombe. Mbao hizo zimekauka kuliko mbao yoyote utakayoipata karakanani. Kama zilikuwa na tabia ya kupasuka zingeshapasuka. Kama kulikuwa na dumuzi ameshakula pindo akaenda zake, vumbi jipya halidondoki. Unalipa msasa, unalipa sila na vanishi, na hakuna mti mpya uliokatwa kwa ajili yako.

Haya, sasa mdogo wangu wa Morogoro, turudi kwenye meza ya mama mkwe. Umesema ni nzito. Umesema imekaa jikoni, kwenye moto wa kuni na maji ya kuoshea vyombo, na haijapinda wala kulegea. Umesema mama alipewa siku ya harusi yake. Meza ya paini isingevumilia hayo yote.

Jumamosi, mkimaliza kukipindua kitanda, nendeni wote wawili kwa mama mkwe. Chukua msasa mkavu na kitambaa. Muombe ruhusa kwanza, halafu uipindue meza na usugue chini yake, mahali padogo, ukubwa wa sarafu. Usiikatae kabla hujafanya hivyo. Masizi yakitoka ukaona kahawia ya dhahabu yenye michirizi, mshukuru mama kwa magoti yote mawili, na uniandikie.